Bustani Isiyosomeka: Uhakiki wa Majina ya Miti ya Dawa

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Makala haya yanakusudia kuhakiki maandishi ya namna nyingine, mafupi kuliko yote anayoweza kukutana nayo mwalimu wa Kiswahili, nayo ni kibao cha bati chenye jina la mti. Nitaanza na kibao hicho, kisha nitaingia katika kamusi, na mwishoni nitarudi darasani Mbugangari, kwa sababu huko ndiko swali lilikozuka na huko ndiko jibu linakongojewa.

Ziara yenyewe

Mbugangari ni sehemu ya mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, karibu kabisa na mpaka wa Goma. Msomaji asiyepafahamu na aelewe kwamba hapa Kiswahili hakikuletwa na vitabu vya shule. Kilikuwapo sokoni, misikitini na njiani tangu enzi za Wajerumani, na kila siku huvuka mpaka pamoja na mizigo ya maharage na vitenge. Mtoto wa Mbugangari huagizwa sokoni kwa Kinyarwanda, akapatana bei kwa Kiswahili, na wala haoni ajabu. Sheria iliyopitishwa mwaka 2017 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, wazee wa mtaa wetu walisema kwamba serikali imemtambua mtu aliyekuwa akilala nyumbani humo siku zote.

Siku moja ya kiangazi niliwachukua wanafunzi wangu kwenda kutembelea bustani ndogo ya miti ya dawa, kando ya msitu wa Gishwati. Ni msitu wa mvua wa milimani, nao una historia ya kusikitisha. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Miradi ya malisho, mashamba ya misonobari, na baadaye makazi ya watu waliorejea nchini baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, vikaumega kila upande, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukabaki na hekta zipatazo 600 tu. Baadaye juhudi za kuurudishia miti zilianza. Kwa sheria ya mwaka 2015 msitu huo na ule wa Mukura vikawa Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 eneo hilo likaingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Sokwe wachache wangali wanaishi humo.

Bustani tuliyoitembelea ilikuwa katika shamba la mzee mmoja mganga wa miti. Matuta yake yalipangwa kwa ustadi: miti inayopenda kivuli ilikuwa chini ya miti mikubwa, na ile ya juani ilikuwa mbele karibu na njia. Penye kila mti palikuwa na kibao. Vibao hivyo viliandikwa na wageni waliowahi kufanya utafiti hapo, na kila kimoja kilikuwa na mistari miwili: mmoja wa Kilatini, na wa pili wa Kiingereza.

Wanafunzi walivisoma kama wasomavyo namba za magari. Walitamka herufi, wakapita. Lakini mzee aliposimama kando ya kichaka chenye majani manene yanayonata na kunukia, akasema, “Umuravumba,” watoto wote walicheka kwa furaha. Kila mmoja alikuwa na habari ya kueleza: huyu alinyweshwa maji yake alipokohoa, yule nyanya yake ameupanda nyuma ya jiko. Kichaka kile kile, ambacho kwenye kibao kilikuwa Tetradenia riparia na hakikumwambia mtu neno, kilipotajwa kwa jina lake kilifungua vinywa ishirini.

Hapo msichana mmoja akaniuliza, “Mwalimu, kwa Kiswahili unaitwaje?”

Nikajibu, “Ni aina ya mti wa dawa.”

Mzee, ambaye katika ujana wake alifanya kazi Goma na anakijua Kiswahili vyema, alinitazama kwa upole akasema, “Mwalimu, hilo si jina.”

Makala haya yametokana na sentensi hiyo. Mzee alikuwa amefanya uhakiki kwa maneno manne, na mimi ninatumia kurasa kadha kuyafafanua.

Kasoro ya kibao

Wako watakaosema kwamba kibao cha Kilatini hakina kosa. Kwa upande mmoja wana haki. Jina la Kilatini ni kigingi: huufunga mti mmoja mahali pamoja, ili mtu wa Butare, wa Tanga na wa Brussels wajue kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja. Bila ya kigingi hicho elimu ya mimea ingekuwa vurugu tupu, na baadaye nitaonyesha kwamba vurugu hiyo inaweza kuua mtu.

Lakini kigingi peke yake si nyumba. Kibao ni maandishi, na kila maandishi yana msomaji aliyekusudiwa. Vibao vile vilimkusudia mgeni. Mzee aliyeipanda miti ile hakukusudiwa, kwa sababu yeye hahitaji kibao. Mtoto wa Rubavu pia hakukusudiwa, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba siku moja angekuja kusoma. Hivyo bustani iliyojaa elimu ya wenyeji inasomeka kwa wageni tu, na kwa wenyeji ni lazima isimuliwe. Siku msimulizi atakapofariki, wenyeji watabaki na bati.

Kutoka Amani

Hali hii haikuanza jana. Ili kuielewa yafaa tuende mbali kidogo, mpaka Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, nchini Tanzania. Huko, mnamo mwaka 1902, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo pamoja na bustani kubwa ya mimea katikati ya msitu wa mvua. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Miti ililetwa kutoka pande zote za dunia ya joto: kafuri, mipira, mikahawa na mingineyo. Tukumbuke kwamba wakati ule Amani na Gisenyi vilikuwa chini ya dola moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani, mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Rwanda mwaka 1916. Kwa hiyo bustani ile, kwa hesabu ya utawala, ilikuwa bustani yetu pia, ijapokuwa hakuna mtu wa Rubavu aliyeulizwa kitu.

Mmoja wa miti iliyopewa heshima kubwa Amani ni mti wa kwinini. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na gome lake ndilo lililotoa dawa ya malaria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942 na kuwakatia Wazungu wa Magharibi sehemu kubwa ya dawa hiyo, mashamba ya kwinini katika Afrika yalipata thamani mpya. Huko Kivu, ng'ambo ya ziwa letu, mti huo ulistawi, na mji wa Bukavu ukawa na kiwanda cha kutengenezea dawa hiyo.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kwinini ni neno lililotoka katika lugha ya Wahindi Wekundu wa Andes, likapita katika Kihispania na lugha nyingine za Ulaya, likavuka bahari, likatua katika Kiswahili, na leo hakuna bibi kizee wa Mbugangari asiyelijua. Vivyo hivyo tumeupokea mkaratusi kutoka Australia, na mwarobaini kutoka Bara Hindi. Kiswahili hakikuona taabu kuipa majina miti ya mbali. Kilipofika kwenye kichaka kilicho nyuma ya jiko la nyanya ya mwanafunzi wangu, ndipo kilipokwama na kusema “aina ya mti”. Hiyo ndiyo kasoro ninayotaka msomaji aipime. Lugha yenyewe ina uwezo wote unaotakiwa. Sisi wenye kuiandika ndio tuliofuata njia za biashara na utawala, tukaiacha njia ya kisimani.

Kazi ya Greenway

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba hakuna aliyejaribu. Chini ya Waingereza, Amani iligeuzwa kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na mtaalamu wa mimea wa kituo hicho, P. J. Greenway, alikusanya majina ya Kiswahili ya mimea na kuyalinganisha na ya Kilatini. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1937, na toleo la pili likatoka Dar es Salaam mwaka 1940. Hii ni kazi ya kuheshimiwa. Kila aliyeandika baadaye juu ya majina ya mimea ya pwani amepita juu ya daraja hilo, wakiwamo Bernd Heine na Karsten Legère katika kitabu chao juu ya mimea ya Waswahili cha mwaka 1995.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza: kamusi ile ilimtumikia nani? Jina la toleo la pili linajibu lenyewe, kwani linapanga lugha tatu kwa mfuatano: Kiswahili, Kilatini, Kiingereza. Msomaji aliyekusudiwa ni bwana shamba au bwana misitu Mwingereza anayesikia jina kinywani mwa mtu, naye anataka kuujua mti ili autumie au auandikie ripoti. Mwenye jina ndiye anayetoa, na mwenye kitabu ndiye anayepokea. Rwanda, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, haikuwa katika eneo lililokusudiwa. Kwa sababu hiyo miti yetu ilipitwa mara mbili: kwanza kwa kuwa upande wa pili wa mpaka wa wakoloni, na pili kwa kuwa Kiswahili chetu kilihesabiwa kuwa lugha ya wachuuzi na askari, lugha isiyokuwa na miti.

Kasoro ya kamusi zetu

Greenway alikuwa mgeni, na mgeni husamehewa. Lakini sisi wenyewe tumefanya nini? Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zilizotungwa na taasisi zetu, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ni fahari ya lugha yetu, nami nazitumia kila siku. Hata hivyo, kila mwalimu anajua kwamba anapofika kwenye mti, ndege au samaki, mara nyingi hukutana na maelezo mafupi yanayoanza kwa maneno “aina ya”. Aina ya mti. Aina ya ndege. Aina ya samaki. Mwanafunzi aliyejua kwamba ni mti huondoka akijua kwamba ni mti.

Zaidi ya uvivu wa maelezo kuna hatari iliyo wazi, na mfano wake ni mwarobaini. Kwa maelezo yaliyozoeleka, jina hilo lilitokana na imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Hilo ni jina la sifa. Linausifu mti, wala halionyeshi umbo lake. Matokeo yake ni kwamba huko na huko Afrika Mashariki, hasa penye baridi ambako mwarobaini haustawi vizuri, watu wamelihamisha jina hilo na kulibandika kwenye ndugu yake, mmelia, ambao majani yake yanafanana kidogo na yale ya mwarobaini. Matunda ya mmelia yana sumu. Kamusi ikisema “aina ya mti unaotumiwa kuwa dawa” na kunyamaza, imemwacha mama mwenye mtoto mgonjwa mbele ya miti miwili, mikono mitupu.

Mfano wa pili uko kwetu. Umuhoko, ambao wataalamu huuita Phytolacca dodecandra, ni mmea wa kutambaa unaojulikana na waganga wa Rwanda kuwa ni wenye nguvu na wa kuogopwa. Nchini Ethiopia mmea huo huo huitwa endod, na matunda yake hutumika kufulia nguo. Mwaka 1964 mtaalamu wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona kwamba katika mto ambao watu walikuwa wakifulia kwa endod, konokono wanaoeneza kichocho walikuwa wamekufa kwa wingi. Utafiti mrefu ukafuata, na jina la endod likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Halikuingia kwa sababu ni bora kuliko majina mengine. Liliingia kwa sababu mtu mwenye lugha hiyo alikuwapo pale mtoni, akaona, akaandika.

Mahale na elimu ya mwenye jina

Kisa kingine kinatoka kando ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale. Mwezi wa Novemba mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye ujuzi wa msitu na wa tiba za kwao, walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku, ambaye alionekana mgonjwa. Walimwona akichuna matawi machanga ya mmea mchungu sana, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Kwa Watongwe mmea huo huitwa mjonso, na Mohamedi aliujua kuwa dawa hata kabla ya sokwe kuutafuna. Makala waliyoichapisha pamoja mwaka 1989 ilifungua mlango wa utafiti mpya juu ya wanyama wanaojitibu.

Mmea huo ni Vernonia amygdalina. Sisi Rwanda tunauita umubirizi, na katika shamba la mzee ulikuwa tuta la tatu kutoka langoni. Wanafunzi wangu waliujua kwa uchungu wake. Hawakujua kwamba ndio ulioshuhudiwa Mahale, na wala Mtongwe hana njia ya kujua kwamba mjonso wake uko Gishwati, mahali penye sokwe vile vile. Wote wawili wanazungumza Kiswahili. Wakikutana wataweza kuzungumza juu ya siasa, mpira na bei ya mafuta, lakini juu ya mti ambao wote wanaujua tangu utoto, itawabidi watumie Kilatini au wanyamaze. Lugha ya kuunganisha Afrika Mashariki inayoshindwa kuunganisha mjonso na umubirizi ina kazi mbele yake.

Fasihi nayo

Hapa wenzangu wa fasihi wasidhani kwamba wamesalimika. Fasihi ya Kiswahili inamjua sana mganga, lakini mti inaujua kidogo. Katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, dawa ni maji, na swali kubwa ni imani ya watu juu ya maji hayo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, mambo ya mizimu ni pazia ambalo Bwana Msa hulifunua kwa akili yake. Hizi ni kazi kubwa, na zilikuwa na haki ya kuchagua shabaha zao. Lakini baada yao waandishi wengi wadogo wamerithi mganga mmoja tu: mwenye hirizi, tunguri na ulaghai. Mtu mwenye kujua kwamba jani hili lachumwa kabla ya maua na lile baada ya mvua, huyo hana riwaya.

Kinyarwanda kinatenganisha mambo haya vizuri. Umuvuzi ni mwenye kutibu, umupfumu ni mwenye kupiga ramli, na umurozi ni mwenye kuroga au kulisha sumu. Kiswahili nacho kina mganga, mpiga ramli na mchawi, lakini katika matumizi yetu neno mganga limebebeshwa mizigo ya wote watatu, hata mwanafunzi akiandika insha juu ya mganga, kalamu yake hukimbilia kwenye ulaghai kabla hajafika kwenye jani.

Aidha mti wenyewe una hadithi. Umuko, wenye maua mekundu kama moto, ndio mti ambao kwa masimulizi ya Rwanda ulimpokea Ryangombe alipochomwa na nyati. Kwa masimulizi hayo hayo wafuasi wake hupumzika mlimani Karisimbi, na wasiokuwa wafuasi huangukia katika moto wa Nyiragongo. Mtoto wa Mbugangari huuona mwanga wa Nyiragongo usiku akiwa mlangoni kwao, na wengine wanakumbuka jinsi ardhi ilivyotikisika mwezi wa Mei 2021. Hata hivyo, kama umuko unaelezwa katika Kiswahili kuwa ni “aina ya mti wenye maua mekundu”, masimulizi yote hayo yanabaki nje ya mlango wa lugha.

Pingamizi mbili

Nimeyasema haya mbele ya walimu wenzangu, nao wakanipa pingamizi mbili za haki.

Ya kwanza ni hii: tukikaribisha majina ya kila kabila, je, Kiswahili hakitafurika? Mti mmoja utakuwa na majina hamsini, na usanifu utapotea. Jibu langu ni kwamba majina hamsini yako tayari vinywani mwa watu. Kamusi haiyaumbi, inayapanga. Tangu zamani wenye kusanifu istilahi zetu wameshauri kwamba Kiswahili kinapopungukiwa kitazame kwanza lahaja zake na lugha za Kibantu kabla ya kubisha hodi Ulaya. Hakuna mahali ambapo shauri hilo lina maana kuliko hapa. Umuravumba ukidondosha irabu zake mbili za mwanzo ni mravumba, umubirizi ni mbirizi, umuhoko ni mhoko. Majina hayo yanaingia katika ngeli ya m-/mi- kama mtu anayeingia nyumbani kwa ndugu yake. Kamusi na ichague jina moja la kuongozea, iyaandike mengine kando pamoja na mahali yanapotumika, na mwishoni ipige kigingi cha Kilatini.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ilitolewa na mzee mwenyewe. Tulipofika mwisho wa bustani, mwanafunzi mmoja alimwuliza jina la mche mdogo uliozungushiwa ua. Mzee akasema, “Huo hapana.” Baadaye akanieleza kwamba jina ni mlango, na kwamba amekwisha kuona watu wakija na jina kwenye karatasi na kuondoka na magunia.

Hakuwa akitia chumvi. Umwumba, ambao wataalamu huuita Prunus africana, ulipojulikana Ulaya kuwa gome lake hutoa dawa ya ugonjwa wa tezi za wazee wa kiume, ulichunwa katika nchi nyingi za Afrika kwa namna ambayo iliua miti mingi, hata biashara yake ikabidi iwekwe chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa mwaka 1995. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unadai kwamba wenye elimu waombwe ridhaa na wagawiwe faida. Lakini mkataba uko mbali, na panga liko karibu.

Kwa pingamizi hii sina jibu la kuifuta, wala sidhani kwamba yafaa kufutwa. Nasema tu kwamba tutenganishe jina na siri. Jina la mravumba si siri. Kila jiko la Rubavu linalijua. Kipimo, mchanganyiko na wakati wa kuchuma ni elimu ya mwenyewe, naye ana haki ya kuifungia ua. Kazi ya kamusi na ya mwalimu ni kutaja, kueleza umbo na kuonya. Kutaja si kuthibitisha, na mwalimu wa Kiswahili asijifanye tabibu. Mtoto mwenye homa na apelekwe zahanati.

Pendekezo

Ili nisionekane mtu wa kulaumu tu, natoa hapa mfano wa maelezo ambayo ningependa kuyakuta katika kamusi:

mravumba nm mi- [u-/i-] kichaka chenye harufu kali, cha familia moja na mrehani, chenye kimo cha mita moja hadi tatu au zaidi. Shina lake lina majimaji, majani yake ni manene, yana vinyweleo na hunata. Hutoa mashuke ya maua meupe au ya zambarau hafifu wakati wa kiangazi majani yanapopukutika. Hupandwa karibu na nyumba. Nchini Rwanda majani yake hutumiwa katika tiba za jadi za kikohozi na tumbo. Kny. umuravumba; Klt. Tetradenia riparia.

Msomaji ataona kwamba maelezo hayo ni marefu kuliko “aina ya mti”, lakini si marefu kupita kiasi. Anayeyasoma anaweza kwenda nyuma ya jiko na kuutambua mti. Naongeza kwamba katika miaka ya 1980 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, mjini Butare, walichambua majani hayo na kutoa kiini chenye nguvu dhidi ya bakteria kadha. Basi mti wenye heshima ya maabara na ya jikoni unastahili mistari mitano katika lugha rasmi ya nchi.

Kazi hii haingoji taasisi. Tuliporudi Mbugangari niliwaambia wanafunzi kila mmoja aandike maelezo ya mti mmoja anaoujua kwao, kwa Kiswahili, bila ya kutumia maneno “aina ya”. Mwanzoni walihangaika. Mmoja aliandika juu ya umwenya, akasema kwamba ni mmea ambao mtu akiupitia usiku nguo zake humsema. Mwanafunzi mwingine, ambaye mama yake alizaliwa Tanga, akasema kwamba harufu hiyo ni ya kivumbasi. Tukaleta matawi, tukanusa, tukalinganisha majani, tukaona kwamba ikiwa si mmea mmoja basi ni ndugu wa tumbo moja. Saa nzima ya somo ilikwisha, na hakuna aliyetazama dirishani.

Tulipeleka daftari la maelezo kwa mzee ili alisahihishe. Alifuta mstari mmoja tu, mahali ambapo mwanafunzi aliandika kwamba mhoko ni dawa ya tumbo. Pembeni akaagiza iandikwe: “Mtoto asiuguse.” Tumeandika hivyo. Vibao vya mbao sasa vinachongwa na wanafunzi wenyewe, kila kimoja na mistari mitatu, Kinyarwanda, Kiswahili na Kilatini, na mzee amekubali visimikwe penye miti yote isipokuwa ule ulio ndani ya ua.